Daftari la Kelele

Mimi ni wifi yake, kwa hiyo nitasema mapema asije mtu akaniambia nilificha. Kaka yangu ni kaka yangu, damu nzito kuliko maji, lakini katika jambo hili alikosa, na mimi nilikosa zaidi. Wenye kucheka wacheke sasa hivi tumalizane, maana wote niliowasimulia walicheka. "Gemu tu?" Ndiyo, gemu tu. Kaeni mnisikilize.

Mke wa kaka yangu anaoka mikate. Anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, na anarudi saa saba mchana akinukia hamira, unga umemkaa mpaka kwenye nyusi. Kaka yangu ni mlinzi kwenye ghala la saruji. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Piga hesabu mwenyewe. Hao ni mke na mume wanaolalia kitanda kimoja kwa zamu. Watoto wao wako shule ya bweni. Mimi nakaa chumba cha uani, na cherehani yangu iko sebuleni kwao, chini ya dirisha, kwa sababu chumbani kwangu hata kutunga uzi kwenye sindano ni kubahatisha.

Walikuwa na saa moja tu ya kuonana wote wawili wakiwa macho vizuri, saa tisa mpaka saa kumi alasiri. Wenzao wangeitumia kugombana. Hawa walikuwa wanacheza gemu. Mashine ilikuwa chini ya televisheni, pedi mbili za kuchezea juu ya kochi, ya bluu ya kaka, nyekundu ya wifi, na ole wako uikalie. Walichagua zile gemu za siku hizi ambazo lazima muwe wawili, kwamba mlango haufunguki mpaka mmoja avute huku na mwenzake asukume kule. Na walikuwa na sharti moja. Hakuna kutangulia. Kama mmoja hayupo, gemu inasubiri, hata wiki nzima.

Sasa sikia alivyokuwa akifanya wifi. Alikuwa na daftari la kawaida la mistari, jalada limejaa alama za vidole vya unga. Kila gemu ilikuwa na ukurasa wake, na alama yake ilitokana na kelele za mume wake. Kweli! Kaka yangu akishtuka na kusema "wee!" au "haki ya Mungu!", wifi anapiga mstari mdogo. Alisema macho yake mwenyewe hayaamini, yeye anapenda kila kitu, hata ua likitikisika yeye anasimama kulitazama. Lakini mume wake ni mtu mgumu, analinda saruji usiku kucha bila kupepesa, kwa hiyo gemu ikimtoa kelele huyo basi hiyo ni gemu. Kelele nne nzuri, sita nzuri sana, chini ya mbili usipoteze muda wako.

Mtaa mzima ukamwita Mama Alama. Watu walikuwa wakimfuata mpaka dirishani pa duka la mikate. "Mama Alama, nataka gemu mpya, mimi na mume wangu, tusigombane." Anaacha mikate, anafuta mikono, anafikiri. "Nyinyi chukueni Bustani ya Bibi Kizee. Mume wangu alipiga kelele tano. Ya tano sikwambii ilikuwa wapi." Hakuwahi kumwambia mtu mwisho wa gemu. Alisema mwisho ni mali ya anayeufikia. Na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, wala mmoja, kwa miaka mitatu.

Mpaka aliporudi mwalimu wa hisabati.

Mwalimu huyu ni mwanamke mpole, anaishi mtaa wa nyuma yetu. Likizo ilipoanza alinunua Taa za Mgodini kwa neno la Mama Alama. Ni hadithi ya wachimbaji wawili waliofukiwa ardhini, mmoja ana taa, mwingine ana kamba, wanatafuta njia ya kutokea. Kwenye daftari gemu hiyo ilikuwa na kelele kumi na moja. Kumi na moja! Haikuwahi kutokea. Wifi aliinadi mpaka sauti ikamkauka. Basi Jumamosi moja mchana mwalimu akaja, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Mama Alama, usinielewe vibaya. Tumeicheza mpaka mwisho. Mume wangu hakushtuka. Kusema kweli, alisinzia."

"Hata mlipofika kwenye lifti?"

"Kwenye lifti ndipo alipokuwa anakoroma."

Wifi alicheka, akamwambia watu hawafanani. Lakini mgeni alipoondoka alilifungua daftari, akawa anaipitisha kalamu juu ya ile mistari kumi na moja, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nikishona kola. Nilijua hiyo mistari ilivyopatikana. Nikakanyaga pedeli kwa nguvu zaidi.

Ngoja niseme ilivyokuwa. Kaka yangu akirudi asubuhi alitakiwa alale. Hakulala. Alisema usingizi wa mchana unamkimbia. Siku moja, mwaka jana, walikuwa wakicheza ile inayoitwa Hoteli Bila Funguo, wakaishia mahali pabaya sana, mtu kasimama nyuma ya mlango na humjui ni nani. Asubuhi kaka akaja sebuleni na shuka begani. "Dada, nishikie hii nyekundu kidogo tu. Nataka kuona nani yuko nyuma ya mlango, halafu nalala." Nikamwambia, "Na sharti lenu?" Akasema, "Aa, kidogo tu. Hatajua."

Kidogo tu! Hayo maneno mawili yamebomoa nyumba ngapi? Nikashika. Na mimi nikanogewa, nisiseme uongo. Tukafungua mchezo wetu pembeni, tukauita Mgeni, na kila asubuhi tukawa mbele, halafu kabla ya saa saba anaufuta, anapanda kitandani, anajifunika. Saa tisa anakaa na mke wake, wanaanza pale walipoachia, naye kila kitu anakijua.

Akijua, afanye nini? Ikabidi ashtuke. Na mwongo huwa hana kipimo. Siku tulipomaliza Taa za Mgodini mimi na yeye, ilipofunguka ile lifti kule juu, kaka yangu alinyamaza, akafunika macho kwa kiganja, na nikaona bega linatikisika. Alilia kweli. Baada ya siku nne alifika pale na mke wake. Akafanya vilevile, kiganja kwenye macho, bega likatikisika, ila safari hii akaongeza na "Ee Mungu wangu, mama watoto, umeona?" Wifi akamkumbatia. Akalia na yeye, lakini ya kwake yalikuwa machozi ya kweli. Mimi pale dirishani niliuma kitambaa nisicheke.

Nilicheka, ndugu zangu. Hilo ndilo nililotaka kulisema.

Jumapili ile, siku moja baada ya mwalimu kuja, wifi aliwasha mashine peke yake. Hakucheza. Alifungua ule ukurasa unaoonyesha gemu zote ulizonazo na saa ulizozitumia. Kwa Taa za Mgodini, daftari lake lilisema saa ishirini na nne, maana alikuwa akiandika kila siku. Mashine ilisema hamsini na moja. Kaka yangu, na ujanja wake wote, hakujua kwamba ukiufuta mchezo saa zake hazifutiki.

Tulikuwa tunakunywa chai. Akauliza kwa upole kabisa, "Baba watoto, mbona mashine inasema hamsini na moja?"

"Mashine hizi zinahesabu hata zikiwa zimelala," kaka akajibu, akapuliza chai iliyokuwa imeshapoa.

Wifi akanigeukia. "Ati, wifi? Wewe unashinda hapa. Umewahi kuiona inawaka?"

"Mimi vitu hivyo sijui hata pa kushikia," nikasema, nikarudi kwenye cherehani, nikashona mshono mzima wa gauni la watu bila uzi kwenye sindano. Niligundua nilipolinyanyua likaachana mikononi.

Hakuuliza tena. Siku tatu alikuwa anaenda kazini, anarudi, saa tisa anacheza na mume wake gemu nyingine nyepesi ya magari, anacheka panapochekesha. Nikadhani yamepita. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku ya nne kaka aliitwa ghalani mapema, saa nane. Wifi akaketi kwenye kochi, akawasha Taa za Mgodini. "Wifi, nisaidie. Kuna taa moja tuliiruka kule handaki la tatu, inanisumbua roho. Leo mimi nitakuwa mwenye taa, wewe shika nyekundu, uwe mwenye kamba. Nitakuelekeza."

Nilisita. Akasema, "Ni kutembea tu, huwezi kukosea."

Nikashika. Mwanzoni nilijifanya mjinga vizuri sana, nikagonga ukuta, nikauliza kitufe cha kuruka ni kipi. Yeye ananielekeza taratibu, kama anavyowafundisha wasichana wapya kukanda unga. Tukaingia handaki la tatu. Ni giza, unaona mwanga wa mwenzako tu. Mwishoni mwa handaki hilo kuna jiwe linaanguka kutoka juu bila onyo lolote, ndiyo kelele ya nne kwenye daftari, na ukiwa mgeni lazima likupige, hakuna anayepona.

Jiwe halijaanguka, mimi nimeshakwepa.

Vidole vyenyewe, jamani. Mimi sikuviambia. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikasimama kwenye kona, jiwe likaja likaanguka pale nilipokuwa, vumbi likatanda. Na mimi bado nimeshika pedi, nimetulia kwenye kona yangu nasubiri vumbi lishuke, kwa sababu nilijua linashuka.

Wifi aliweka pedi ya bluu magotini. Hakupaza sauti.

"Kumbe ni wewe."

"Wifi..."

"Nilidhani ni mwanamke." Akatazama pedi nyekundu mkononi mwangu. "Siku tatu nimemtafuta mwanamke. Nimenusa mpaka mito. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Nilianza kujitetea, ooh, ilikuwa kidogo tu, ooh, alishindwa kulala. Alinyanyua kiganja kunizuia. Akachukua daftari, akafungua ukurasa wa Taa za Mgodini, akashika kalamu.

"Za kweli zilikuwa ngapi? Alipokuwa na wewe."

Hapo ndipo nilipotamani anizabe kofi. "Tatu," nikasema.

Akakata kumi na moja, akaandika tatu. Akafungua nyuma. "Hoteli Bila Funguo?"

"Nusu ya kwanza ni yako. Kuanzia mlango wa ghorofa ya pili..."

"Bustani?"

"Bustani ni yako yote, wifi. Naapa."

Aliutazama ukurasa wa Bustani kwa muda mrefu. Nikaona hana hakika, na mimi sikuwa na la kumthibitishia. Neno langu lilikuwa limeshakwisha. Akaweka alama ya kuuliza pembeni, akafunga daftari.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu wa hisabati, akamwambia, "Alama niliyokupa haikuwa sahihi. Samahani." Akawaendea na wengine wanne walionunua kwa neno lake. Kosa si lake, lakini yeye ndiye aliyezunguka mitaani kuomba radhi.

Kaka alipobanwa, alikiri. Alipiga magoti, mwanamume mzima. Alisema, "Lakini sikukosa na mtu wa nje, mama watoto. Ni dada yangu. Ni mchezo." Na hapo ndipo palipomuua wifi, maana kila mtu alisema hivyohivyo. Mkuu wa tanuri kazini kwake alimwambia, "Shukuru, wenzako wanafumania." Shangazi yetu tulipompigia simu alicheka mpaka akakohoa. Mama yake mzazi alimwambia aache utoto.

Jioni aliniambia akiwa anachuja chai, bila hata kunitazama. "Angekuwa amelala na mwanamke, ningekuwa na watu wa kunililia. Wangekuja na mikeka. Hili langu halina hata jina. Siku nzima nawauzia watu mkate wa leo, mkate ukilala naurudisha. Kwangu mwenyewe nimelishwa kiporo mwaka mzima, na nimekisifu."

Kaka akajaribu kutengeneza. Mwezi uliofuata alinunua gemu mpya kabisa, Treni ya Mlimani, akaiweka mezani ikiwa na nailoni yake haijafunguliwa, ili mke wake aichane mwenyewe. Ni watu wawili wanaendesha treni ya zamani, mmoja ni dereva, mwingine anatia makaa. Akaapa mbele yangu hatatangulia hata hatua moja. Na hakutangulia. Safari hii kaka yangu alikuwa mkweli, namjua, nimekua naye.

Wifi aliichana nailoni. Walicheza siku mbili, yeye akiwa mtulivu tu, hasemi mengi. Kaka alikuwa akimwibia jicho kila mara, aone kama anafurahi. Hakuona kitu. Siku ya pili aliondoka kwenda kazini mabega yameshuka.

Halafu walinzi wote wakaitwa kwenye mafunzo ya kuzima moto, wiki nzima, asubuhi mpaka saa nane, na usiku zamu kama kawaida. Wiki hiyohiyo wifi alikuwa na likizo yake. Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa napima mkono wa shati, nikasikia mashine inalia ule mlio wake wa kuwaka. Nikageuka. Wifi amekaa upande wa kaka, ameshika pedi ya bluu. Nyekundu amenyoosha mkono ananipa.

"Shika."

"Wifi, hapana."

"Mbona kwa kaka yako ulishika?"

Nikashika. Alifungua mchezo pembeni, na jina akaandika Mgeni. Tukaendesha treni asubuhi nzima. Tukafika kwenye lile daraja. Sijui nisemeje, mimi mwenyewe nilipiga kelele, daraja linakatika katikati na nusu ya treni inaning'inia, na yule mtia makaa, ambaye ni wewe, uko upande unaoning'inia. Wifi aliangalia tu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesoma ratiba ya zamu. Tulipomaliza akaufuta, akaenda kuosha vyombo.

Saa tisa kaka alikuja amechoka, ananuka moshi wa mafunzo, akaketi upande wake. Wakaanza. Mimi niko dirishani, kola mkononi, kiti kilekile. Walipolikaribia daraja nikaacha kushona.

Daraja likakatika. Kaka akaruka kwenye kochi, "Wee!" kelele ya kweli tupu, ningeitia saini. Na wifi akapiga yowe. "Jamani! Jamani, naanguka!" Mkono mmoja kifuani, mwingine umemkamata mume wake mkono mpaka nikaona kucha zinaingia. Akaficha uso begani kwake. Bega likatikisika.

Kaka yangu alimshika kichwa, akanitazama juu ya kile kitambaa cheupe. Macho yalimjaa machozi. Midomo yake ikaniambia bila sauti: amerudi. Nilimwitikia kwa kichwa, ndiyo. Ningefanya nini?

Saa kumi alioga, akavaa sare, akaondoka anapiga mluzi. Tangu yale mambo sikuwa nimemsikia akipiga mluzi. Daftari lilibaki mezani, na wifi hakulifungua. Alikuja kusimama karibu na cherehani yangu, akawa anaokota vipande vya uzi sakafuni, kimoja kimoja.

"Nilifanya vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, wifi."

"Hukuona mahali nilipokosea?"

"Sikuona."

Akaviviringisha vile vipande vya uzi katikati ya vidole mpaka vikawa kidonge. "Unajua nilikuwa najiambia nini, siku zote hizi? Kwamba angalau alipata shida. Kwamba alikaa pale pembeni yangu akiungua, anajilazimisha, roho inamuuma kila akipiga kelele. Hilo ndilo lililonifanya nibaki." Akakitupa kile kidonge cha uzi kwenye ndoo. "Kumbe ni rahisi hivi."